MJADALA: Betri ya kilo 3 ndani ya gari la mbio, kwetu Lubumbashi ni akili au ni anasa?

Mwanzisha mada:

Bakubwa na wadogo, salamu. Hoja yangu ni hii: gari la kukimbizwa uwanjani lifungwe betri nyepesi ya lithiamu, ile ya chuma na fosfati, na betri ya kawaida, ya risasi na asidi, ibaki kwa magari ya barabara. Jumapili tulibishana juu ya jambo hili mpaka giza likatukuta, watu saba na magari saba yaliyojaa vumbi, tukaachana bila kuagana vizuri. Nalileta hapa ili na wengine waseme.

Mimi nilianza na mzani. Niliazima ule wa muuza makaa wa mtaani kwetu, nikaning'iniza betri yangu ya ampea-saa 60 (ndicho kipimo cha umeme ambao betri inabeba): kilo 15. Betri ya lithiamu niliyoishika kwa rafiki, inayozungusha demarere (mota ya kuwashia injini) ya aina ileile, ni kilo 3. Tofauti kilo 12. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, kwa hiyo ni kama kutoa lita 16 kwenye tangi bila kupunguza mafuta. Na uzito huo haukai katikati ya gari. Unakaa mbele kabisa, upande mmoja, palepale gari linapolalia ukiingia kona kwa kasi. Gari langu lina kilo 950 hivi. Anayesema kilo 12 hazisikiki hajakaa nyuma ya usukani wangu kwenye ile kona ya mchanga.

Wala si mambo ya vijana wa hapa tu. Porsche walianza kuiuza betri ya namna hiyo kwa 911 GT3 na Boxster Spyder mwaka 2010: chini ya kilo 6, nyepesi kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ya risasi ya ampea-saa 60. Bei ilikuwa euro 1,904 kule Ujerumani, na mnunuzi alipewa na betri ya kawaida juu yake, kwa sababu joto likishuka chini ya sifuri lithiamu inakuwa nzito kuwasha injini. Baridi yetu ya Juni na Julai inauma masikio, najua, lakini saa nne asubuhi tunapoanza kukimbiza jua limeshapanda.

Kilichoniuma Jumapili ni neno la mzee mmoja ninayemheshimu sana. Alisikia kwamba betri ya chuma na fosfati haina kobalti hata chembe, madini yanayoulisha mkoa wetu wa Katanga, akasema: "Mtoto wa Katanga huyo! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Sikulala vizuri. Je, mimi ni msaliti? Semeni.

Fundi umeme wa magari, Katuba:

Mdogo wangu, sina ugomvi na kilo zako 12. Nina ugomvi na mpangilio wako. Juzi nimefungua buti ya gari lako, nikakuta tairi la akiba na rimu yake ya chuma, jeki, na mfuko wa spana. Tairi lile peke yake linakaribia uzito wa betri unayoilalamikia. Kulitoa na kulilaza chini ya mti hakuna bei. Anza hapo.

Halafu soma kibandiko vizuri. Wauzaji wanaandika ampea-saa 20 kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo wati-saa 76.8, yaani nishati yote iliyomo. Chukua hiyo ndogo ugawe kwa volti 12.8, maana ndani mna seli nne za volti 3.2. Unapata ampea-saa 6. Ile 20 maana yake inawasha injini kama betri ya risasi ya 20, si kwamba imebeba umeme wa 20. Sasa mkanda wa alternata, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ukikatika je? Pampu ya petroli, sindano za mafuta, feni na taa vikila ampea 30, ampea-saa 6 zimekwisha baada ya dakika 12. Betri yako ya risasi, ikiwa nzima, ingekuvumilia zaidi ya saa moja. Uwanjani dakika 12 zinatosha kurudi kwa wenzako. Njia ya Likasi usiku, kilomita 120, hazikufikishi popote.

Lakini linalonifanya niandike na grisi bado mikononi ni hizi alternata zenu zilizochoka. Mwezi uliopita kijana aliniletea betri ya lithiamu, akasema imekufa. Nikaweka kipima volti kwenye ncha zake: sifuri kabisa. Betri ya risasi iliyochoka kwa kawaida bado inakuonyesha volti kadhaa. Sifuri safi namna ile si kifo. Ni sakiti ya ulinzi iliyo ndani imejifunga. Nikawasha injini kwa betri nyingine, nikakanyaga mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, nikakodolea macho kipimo: 14.2, 14.9, 15.6. Rigileta ya alternata, yaani kidhibiti cha volti, imeharibika, haizuii tena kitu. Lithiamu ya namna hii mwisho wake ni 14.6. Sakiti ilijifunga ili kuokoa seli, na ilifanya vizuri. Ila ikijifunga wakati injini inazunguka, umeme wa alternata unakosa pa kwenda, volti zinaruka, na kinachoungua ni kompyuta ya gari. Ya kijana yule ilidhurika. Alilipia betri, akalipia na kompyuta, kwa sababu hakuna aliyempimia alternata kabla ya kumuuzia.

Na naomba sana: msipeleke betri hizi kwa wanaochajisha kando ya barabara kwa mashine za kuchemshia asidi. Chaja yenye hatua ya kufufua betri ya risasi inapiga volti 15 mpaka 16. Kwa ile ya risasi ni dawa. Kwa lithiamu ni sumu.

Mama mkazi wa Kampemba:

Mimi siendeshi mbio, ila nasoma nanyi mnahesabu kilo tu. Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja wanapopasua betri za risasi kwa shoka. Asidi wanaimwaga chini. Bamba za ndani wanaziyeyusha kwenye sufuria usiku, moshi unaingia mpaka jikoni, na asubuhi watoto wanaokota vipande vya plastiki kuchezea. Nimekwenda kulalamika mara tatu, kila mara naambiwa nirudi wiki ijayo. Mnaijua Kabwe, hapo ng'ambo Zambia, kwenye njia ya Lusaka? Mgodi wake wa risasi ulifungwa 1994, na mpaka leo udongo una sumu, watoto wanapimwa risasi kwenye damu.

Kwa hiyo mwenye betri yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, mimi namuunga mkono. Lakini na hiyo lithiamu ikichoka itakwenda wapi? Msije mkaniletea na ya kwenu nyuma ya nyumba.

Mzee wa Gécamines, mstaafu:

Mimi ndiye niliyesema neno la wakunga, na sikulisema kwa kumchukia mtoto. Nimefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, miaka 31 nikiuona ule mnara wa moshi wa kiwanda kila asubuhi. Mji huu ulijengwa kwa madini na tumesoma kwa madini. Mwaka 2018 Serikali iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati, mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa Serikali, ukapanda hadi asilimia 10. Bei ilipoanguka, tarehe 22 Februari 2025 ikasimamisha kuiuza nje, kisha kuanzia 16 Oktoba ikaweka mgawo wa kuuza nje: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyohivyo 2027. Nchi nzima inabana mkono ili kobalti yetu ipate heshima sokoni. Halafu mtoto wetu mwenyewe anasimama mbele ya watu kusifu betri isiyoihitaji. Wanunuzi wakisikia hivyo watasema nini?

Mwanzisha mada:

Papa, nashukuru umekuja mwenyewe. Naomba nikujibu kwa heshima, lakini nikujibu kweli.

Wanunuzi hawakungoja kunisikia mimi. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema karibu nusu ya betri za magari ya umeme za mwaka 2024 duniani zilikuwa za chuma na fosfati. Hilo limetokea viwandani, mbali na uwanja wetu wa vumbi. Mimi nikinunua ya kobalti kwa ajili ya demarere tu, bei haitapanda hata senti.

Na nina sababu nyingine, ya mwili wangu. Betri yangu itakaa buti, nyuma ya kiti, mimi nimefungwa mikanda. Betri ya kobalti ikipata moto sana, kobalti oksidi yake inaachia oksijeni, na moto unajilisha wenyewe. Kwenye fosfati oksijeni imeshikwa kwa nguvu na fosforasi, haitoki kwa urahisi. Gari likipinduka, nataka ipi nyuma ya mgongo wangu? Mke wangu ameuliza swali hilohilo, na nilimjibu kabla hujasema lile neno.

Kisha huo uzazi, Papa, mkunga wake ni mmoja. Mwanasayansi John Goodenough na wenzake walionyesha kobalti inafanya kazi ndani ya betri ya lithiamu mwaka 1980, kule Oxford. Ni yeye huyohuyo, miaka ya 1990 kule Texas, aliyeongoza waliofungua njia ya chuma na fosfati. Akapewa Nobel ya kemia 2019 pamoja na wanasayansi Whittingham na Yoshino. Wala Katanga haikutoka ndani ya betri hii. Ukipasua seli, upande wa hasi umeme unapita kwenye karatasi nyembamba ya shaba. Na kuitoa betri kwenye injini kuipeleka buti nahitaji mita 4 za waya wa milimita mraba 35: ni kilo moja na robo ya shaba tupu. Lithiamu nayo ipo kwetu Manono.

Kinachonichoma mimi ni kwamba betri niliyoishika imetengenezwa China na kuingia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, njia ileile shaba yetu inayotokea. BloombergNEF, watafiti wa masoko ya nishati, walipiga hesabu 2021: kiwanda cha tani 10,000 za malighafi ya betri zenye kobalti kingegharimu dola milioni 39 kukijenga hapa Congo, theluthi ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 tukasaini na Zambia mkataba wa kutengeneza betri pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa betri. Papa, hasira yako nzuri ielekee huko: kiwanda kiko wapi? Mimi nitanunua betri ya kwetu siku hiyohiyo, yenye kobalti au isiyo nayo.

Yaya fundi, kwenye tairi la akiba umenishinda, nimeshalitoa. Mama wa Kampemba, betri yangu ya risasi siiuzi kwa wapasuaji. Narudi nayo barabarani kila Jumapili jioni mpaka ichoke. Swali lako la lithiamu iliyochoka sina jibu lake, na linanisumbua kuliko la kobalti.

Mzee wa Gécamines, mstaafu:

La Goodenough sikulijua. La kiwanda nimelisema mimi kabla hujazaliwa. Lakini bado sijakubali kwamba mtu asifu mbele za watu. Nunua, funga, kimya.

Fundi umeme wa magari, Katuba:

Papa, akinyamaza nani atawaambia wengine wapime alternata?

Mdogo wangu, ukifunga buti, weka fyuzi karibu kabisa na betri, maana waya ule mrefu ukichubuka kwenye bati utageuka chuma cha kuchomelea. Weka swichi kuu ya kukata umeme, moja ufikie ukiwa umefungwa mikanda, nyingine mtu wa nje aivute, na ubandike ile pembetatu ya bluu yenye cheche nyekundu ili asiitafute. Betri ishikwe kwa mkanda wa chuma na boliti. Mipira ya baiskeli niliyoiona kwa wenzako sitaigusa. Na isikae jirani na bomba la moshi, joto likipita digrii 60 seli zinazeeka haraka.

Jumamosi asubuhi niletee gari. Hiyo betri mpya iache nyumbani. Tutawasha taa zote na feni, tutakanyaga mpaka 2,000, na nikiona hata 14.8 tunafungua alternata kwanza.