Mrejesho: usukani wa Altezza sasa unaongea

Wakuu, lile swali langu la Toyota Altezza, kwamba usukani ni mwepesi mno na una ulegevu ukiwa katikati, limepata jibu. Asanteni sana mlionizuia kukimbilia springi fupi za kushusha gari.

Chanzo ni bushi (vishikizo vya mpira) za raki ya stelingi, yaani mtambo unaosukuma matairi yageuke, pamoja na tairodi endi ya kushoto, kiungo cha raki na tairi. Bushi zikifa, raki yenyewe inasogea kabla matairi hayajageuka, hivyo mkono haupati habari za barabara. Zimefungwa mpya za mpira. Za poliyurethani (plastiki ngumu kuliko mpira) zinaleta hisia zaidi, ila kwa mashimo na matuta ya Dar zinapitisha mtetemo mwingi kwenye bodi. Bushi za amu (mikono inayounganisha tairi na bodi) je? Fundi asizikaze gari likiwa juu ya jeki. Alishushe kwanza likae kwa uzito wake, la sivyo mpira unajisokota na kuchanika mapema.

Alaimenti (kupanga pembe za matairi) ikafuata: tou ya mbele sifuri, yaani matairi yanatazama mbele sambamba, na kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia) sawa kushoto na kulia. Hapo ndipo usukani ulipoanza kurudi vizuri baada ya kona. Upepo wa matairi psi 32, upimwe tairi likiwa la baridi.

Unayekwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea hapa Dar, kutafuta bushi, beba ya zamani ulinganishe kipenyo.