Naomba ushauri: mkono wa mashine ya Pac-Man umeganda kwa kutu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninafufua mashine ya Pac-Man, ule mchezo wa video wa kampuni ya Namco wa mwaka 1980, iliyokaa miaka mingi bandani hapa Wete, karibu na bahari, na chumvi imeila. Mhimili wa mkono wa kuchezea umegandana na bamba lake la chuma, na ile pete ndogo ya kubana iliyo chini imevimba kutu hata plaizi haiishiki. Nimeulowesha kwa mafuta ya taa siku 3, ukasogea kidogo tu upande mmoja. Moto sithubutu kuutia, kwa kuwa kando yake kuna bushi ya nailoni ambayo itayeyuka. Je, nijaribu siki, au niendelee na mafuta kwa subira? Vipuri vya asili ni adimu, nami naogopa kuuvunja.