Mkanda wa "Yaaba" hauonyeshi rangi: umeharibika, au ni deki?

Mwenye swali: Habari zenu wanajamvi. Ninakusanya sinema za zamani za Afrika, hasa zile zinazokwenda taratibu, na sasa nimepata mkanda wa video wa "Yaaba", sinema ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso ya mwaka 1989, ambao ulinunuliwa Ufaransa. Sauti inasikika vizuri, lakini picha ni nyeusi na nyeupe tupu, ilhali sinema yenyewe ni ya rangi. Je, mkanda umeharibika? Tena, nani mwingine anaithamini? Vijana wa nyumbani waliinuka mapema wakisema hakuna kinachotokea.

Jibu la kwanza: Ndugu, usiutupe mkanda huo, kwani huenda ni mzima kabisa. Ufaransa ilitumia mfumo wa rangi wa SECAM, na deki ya mfumo mwingine wa rangi, PAL, ambayo ndiyo tuliyoizoea Afrika Mashariki, ikicheza mkanda wa SECAM hutoa picha isiyo na rangi. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili, uuhamishie kwenye kompyuta, kisha uuhifadhi ukiwa umesimama wima mahali pakavu, maana unyevu wa pwani huleta ukungu kwenye utepe. Ukiamua kununua DVD kutoka Ulaya, angalia kwanza namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo DVD imewekwa ichezeke: nyingi za huko ni za kanda ya 2, nasi tumo kanda ya 5.

Jibu la pili: Mimi ninaithamini mno, na ninakusihi uitazame upya kwa rangi kabla hujawaita vijana tena, kwa sababu uwanda ule mkavu na mwekundu ndio unaobeba nusu ya hadithi. Bi Sana, kikongwe aliyetengwa na kijiji kwa tuhuma za uchawi, anasafiri kwa miguu kumtafutia mganga binti Nopoko, aliyeshikwa na pepopunda, nasi tunamwona akiwa mdogo sana katikati ya ardhi kubwa, bila kamera kuharakisha hatua zake. Kama safari hiyo ingekatwa ikawa ya sekunde chache, tungeambiwa tu kwamba anawatendea wema watu waliomchomea nyumba. Kwa kuachwa atembee, tunaona wema huo unamgharimu nini. Waamuzi wa FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki wa sinema, waliipa tuzo kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka uleule wa 1989.

Jibu la tatu: Naongeza jambo moja: watu humo wanazungumza Kimooré, lugha ya Burkina Faso, kwa hiyo kabla ya kulipia nakala yoyote, muulize muuzaji maandishi ya tafsiri ni ya lugha gani.