Wizadi wa level 3 kila pambano yuko chini, shida iko wapi?

karatasi_mpya
Habari wakuu. Tunacheza D&D na washkaji, ule mchezo wa mezani wa kuigiza na dadu, sheria zile za 2014, mimi nikachukua wizadi (mchawi) maana kila mtu alinambia huyo ndo hatari kuliko wote, sasa tumefika level 3 na hiyo hatari sijaiona bado. HP (uhai) 14, AC (namba ambayo dadu ya adui lazima ifikie ndo anipate) 12. Pambano likianza narusha speli ya Magic Missile, narusha tena, sloti (nafasi za kurusha speli kwa siku) zikikata nabaki na Fire Bolt, halafu anatokea kagoblini kamoja tu kananifikia na mimi huyo sakafuni, kleriki (mponyaji) anaacha kazi zake kuja kuniinua. Faita (mpiganaji) wetu ambaye hata karatasi ya karakta wake hasomi anaua kila kitu na ananicheka juu.

Kwenye kitabu cha speli nina Magic Missile, Burning Hands, Chromatic Orb, Witch Bolt, Thunderwave, Sleep, Shield, Find Familiar, na za level 2 ni Scorching Ray na Shatter. Int (akili) 16. Shield huwa siprepea (siiandai kwa siku hiyo) kwa sababu naona inakula sloti bure. Sasa hivi wizadi ndo yuko hivi hadi level za juu huko au kuna namna?

mzee_wa_d20
Mkuu hebu isome tena hiyo orodha yako taratibu. Kati ya speli kumi, saba ni za kupiga tu. Wewe umetengeneza mpiga mishale asiye na nguo, lazima faita akucheke.

Tuanze na kutokufa. Goblini ana +4 juu ya dadu ya pande 20 ya kushambulia, kwa AC 12 anahitaji 8 kwenda juu, yaani asilimia 65 anakupata. Ungekuwa na Mage Armor, hiyo Dex (wepesi) yako ya 14 inakupeleka AC 15 kwa masaa 8, sloti moja tu asubuhi. Juu yake ukiita Shield unafika 20 mpaka zamu yako inayofuata, hapo goblini anahitaji 16 kwenda juu, asilimia 25. Na Shield unaiita baada ya kuona dadu imekupata, kama hajakupata huitumii, sasa hiyo inakulaje sloti bure? Ni reaksheni (unaifanya nje ya zamu yako), zamu yako inabaki nzima. Iprepee leo leo.

Halafu kusimama. Fire Bolt inafika futi 120, unafanya nini karibu na goblini? Kaa nyuma ya kona, chungulia, rusha, rudi. DM (mwendesha mchezo) akilalamika mwambie kila mtu anacheza na HP alizopewa.

Find Familiar nayo umeiweka kama pambo. Ni rituali, haili sloti ukiwa na muda, gharama yake ni vitu vya dhahabu 10. Chukua bundi, najua kwetu bundi ni nuksi lakini huyu ana Flyby, anashuka, anatoa Help (msaada), anaondoka bila kupigwa. Rogi (mwizi) wenu kila zamu anapata advanteji (dadu mbili, anachukua kubwa) na Sneak Attack yake (pigo la ziada). Damage hiyo imetoka kwako hata kama anaandika yeye.

nairobi_natural1
Mzee amesema ukweli ila amesahau kitu moja, wizadi hapigani na HP za adui, anapigana na zamu za adui. Hiyo ikiingia kwa kichwa game inabadilika kabisa.

Wacha nikupe mfano ya meza yetu. Korido ya mawe, upana futi 10, ogri wawili wanakuja na nyuma yao kuna magoblini wa mishale. Ogri ana HP 59, ukimrushia Scorching Ray zote tatu na zote zimpate unatoa kama 21 hivi, bado amesimama na bado anakuja na rungu. Wizadi wetu akatupa Web (speli ya utando) hapo katikati, kuta ziko pande zote mbili so imeshika poa. Ogri Dex yake ni mbovu, wa kwanza akafail save (dadu ya kukwepa speli) akanaswa hapo hapo, spidi zero, kila mtu anampiga na advanteji, yeye akipiga ako na disadvanteji (dadu mbili, anachukua ndogo). Wa pili akapita save lakini utando ni difikalti tereni (unatembea nusu spidi), hakufika kwetu, akamalizia zamu ndani na ya kufuata akaanza na save ingine, akafail. Sasa cheki: ogri akitaka kujikwamua lazima atumie ekisheni yake yote kuroll Strength (nguvu), na hata akitoka, hiyo zamu hajapiga mtu. Sloti moja ya level 2 imekula zamu ngapi hapo? Magoblini nao wamefungiwa nyuma, njia iko na ogri.

Na yeye baada ya kutupa Web alifanya nini? Alienda nyuma ya nguzo akatulia, juu hiyo ni konsentresheni (speli inadumu tu ukiishikilia kwa akili), ukigongwa unaroll Con save (ya ustahimilivu), DC (namba ya kufikia) 10 au nusu ya damage, yenye iko juu. Unaweza shikilia moja tu, ukiita ingine ya kwanza inaisha.

Tahadhari, Web inashika moto. Mtu wenu akirusha Fire Bolt ndani, kile kipande cha futi 5 kimeungua na mateka ametoka. Ongea na watu wako mapema.

fireball_kwanza
Mnamfundisha kijana kuwa fundi wa utando lol. Jamani damage pia ni raha, tusidanganyane. Akivumilia mpaka level 5 anapata Fireball, 8d6 (dadu nane za pande 6), wastani 28 kwa kila aliyeko ndani ya duara la nusu kipenyo futi 20, faita huyo anayecheka atanyamaza kabisa. Na kama shule yake ya uchawi ni Evocation ana Sculpt Spells, anachagua wenzake wanne kwenye Fireball na hawaungui.

Pia nyie wa siku hizi mnadeka. D&D ilipotoka 1974 wizadi wa level 1 alikuwa na speli moja kwa siku, akishaitumia anabaki kushika tochi. Baadaye matoleo kibao wakampa d4 ya HP. Leo mna kantripi (speli ndogo kama Fire Bolt) bila kikomo na Arcane Recovery na bado mnalia.

Ila kwenye level 3 nakubali, Witch Bolt itupe mbali.

karatasi_mpya
Aisee asanteni. Ni Evocation ndiyo. Kumbe Arcane Recovery, nilidhani ni ya level za juu. DM wetu mchoyo, skroli (hati za speli) hatujaona hata moja, sasa hizo Mage Armor na Web nazipatia wapi? Na Sleep vipi nayo niache?

mzee_wa_d20
Arcane Recovery unayo tangu level 1, mara moja kwa siku, mkipumzika saa moja unarudisha sloti nusu ya level yako ukizungusha kwenda juu, kwako ni za jumla ya 2. Maana yake Web moja ya ziada.

Skroli achana nazo. Ukipanda level 4 unaongeza speli mbili bure, chukua Mage Armor na Web, umemaliza. Int ipeleke 18, DC inakuwa 14 na unaprepea 8. Ukimuua wizadi wa upande wa pili usikimbilie fimbo, tafuta kitabu chake, kunakili ni masaa 2 na dhahabu 50 kwa kila level ya speli. Mwambie DM kabisa kwamba unatafuta vitabu, wengi hawatoi kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Sleep kwa sheria zenu za 2014 usiiache bado. Ni 5d8 za HP, hakuna save, inaanza na mwenye HP kidogo. Goblini ana 7, unalaza watatu hivi kwa sloti moja. Kwa ogri mzima sahau, mpigeni kwanza. Ila mkihamia sheria za 2024 ibadilishe, huko imekuwa na Wisdom save.

Na huyo bundi mpe jina, ma-DM wengi huona aibu kumuua mnyama mwenye jina.