LinkedIn na China: kukubali masharti au kubaki nje?

Mleta mada:
Wadau, tulijadili hili bila jazba. Februari 2014, wakati Facebook na Twitter zimefungiwa China tangu 2009, LinkedIn, mtandao wa kikazi wa Marekani, ilifungua tovuti ya Kichina na kukubali kuchuja yale ambayo serikali ya huko haiyataki. Wakubwa wake walijitetea kwamba wasipoingia watawanyima Wachina fursa za kazi. Oktoba 2021 wakatangaza kuufunga mtandao ule, wakabakiza programu ya nafasi za kazi tu. Nayo ikafa Agosti 2023.

Mimi nasema walikosea tangu siku ya kwanza. Mwaka ule wa 2021 waandishi na wasomi kadhaa wa nje ya China waliletewa ujumbe: wasifu wako hautaonekana tena China, una maudhui yaliyokatazwa huko. Kisha wakaelekezwa sehemu yenye tatizo, mathalani ile ya machapisho, na kuambiwa wakiibadilisha uamuzi unaweza kuangaliwa upya. Yaani umesota miaka kuandika kitabu, halafu mtandao wa kutafutia kazi unakunong'oneza ukifute!

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Zaidi ya watu milioni 50 walijiunga kule, na wengi walitaka kuonwa na waajiri wa nje, siasa hawana habari nazo. Zuckerberg, bosi wa Facebook, alizungumza Kichina Chuo Kikuu cha Tsinghua 2014, akakimbia mazoezi uwanja wa Tiananmen, Beijing, 2016 katikati ya moshi, na Facebook haikufunguliwa. Nani alimsaidia Mchina wa kawaida hapo?

Mchangiaji wa pili:
Mnaitupia lawama siasa tu. Mchina akikutana nawe kikazi anakuskanisha msimbo wake wa WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe, mmemaliza. Na wenye shauku ya umbea wa ofisini walikuwa na Maimai, mtandao wa kikazi wa Wachina wenyewe. LinkedIn ilikuwa mgeni mwenye suti kwenye baraza la watu wa kandambili.

Mleta mada:
Wa pili, kwenye WeChat nakupa, ingawa LinkedIn yenyewe ilipofunga ilitaja pia mazingira magumu na masharti yaliyozidi. Machi ya mwaka ule ule wa 2021 ilikuwa imesimamisha usajili wa wanachama wapya China, ikisema inahakikisha inafuata sheria za huko.

Wa kwanza, nusu shari yako ingekuwa kuchuja ndani ya China peke yake. Lakini wasifu wa LinkedIn ni mmoja dunia nzima. Msomi akiondoa kitabu chake ili aonekane Beijing, kimeondoka pia kwa mwajiri wa London.

Mchangiaji wa kwanza:
Hakulazimishwa kukiondoa. Angekiacha, akakosa China tu.

Mleta mada:
Na kama utafiti wake wote ni juu ya China, na watu anaowahitaji wako huko?