Kihispania, herufi A: "al-" zote hizi, na "el agua" ni la kiume au la kike?

Msomaji_Dodoma
Wakuu, najifunza Kihispania kwa kufuata kamusi, sasa niko herufi A na nimekwama. Maneno ya "al-" yananivuruga: alfiler, alfombra, almohada, almacén, alquiler, aldea. Nikishika hili, lile linapotea. Halafu kitabu kinasema agua (maji) ni neno la kike, lakini chenyewe kinaandika "el agua", wakati el ni ya kiume na la ndiyo ya kike. Nikiandika "el agua frío" naambiwa kosa. Kuna kanuni au ni kukariri tu? Na sisi tunaojua Kiswahili, hakuna njia ya mkato?

Kalamu_Nyeusi
Kamusi iweke pembeni kwanza, mkuu. Maneno yanayoanza sawa ukiyasoma siku moja yanagombana kichwani. Alfiler (pini) na alquiler (kodi ya nyumba) yote yana silabi tatu, yote yanaishia -ler, yote mkazo uko mwisho. Ukiyapanga pamoja utayachanganya mwezi mzima.

Kama unatumia Anki (programu ya kadi za kukariri), yenyewe huja imepangwa maneno mapya 20 kwa siku. Punguza yawe 10, na kati ya hayo yasizidi matatu ya "al-". Mengine yatoke herufi tofauti. Upande wa swali weka Kiswahili au picha, upande wa jibu usiandike neno tupu. "Aduana = forodha" haikusaidii kitu. Andika *la aduana está cerrada*, forodha imefungwa. Hapo jinsia unaiona mara mbili, kwenye la na kwenye cerrada.

Sasa el agua. Kanuni ipo, tena fupi: nomino ya kike ikianza na sauti ya a yenye mkazo, umoja wake unachukua el badala ya la. Agua, alma (roho), águila (tai), arma (silaha), aula (darasa), na hambre (njaa) pia, maana h haitamkwi. Jinsia haibadiliki. Ndiyo maana ni *el agua fría*, na wingi unarudi *las aguas*. Kihistoria hiyo el si ile ya kiume. Kihispania cha kale kilikuwa na ela, na mbele ya irabu ikakatwa ikabaki el.

Mkazo ukihama, kanuni haipo: la amiga, la arena, la almohada. Likiingia neno katikati, haipo pia: *la misma agua*, maji yaleyale. Na mucha inabaki mucha: *tengo mucha hambre*, nina njaa sana. Mwenye "mucho hambre" utamsikia, lakini kwenye mtihani imekula kwako. Jina la herufi yenyewe nalo limegoma kufuata kanuni: ni *la a*.

Kadi za kundi hili lazima ziwe na kivumishi. Ukiandika "el agua" peke yake, unajifundisha kosa.

Mwana_wa_Pwani
Njia ya mkato ipo, na iko kwenye hizo "al-" zinazokusumbua. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho kule, ikaanguka 1492. Katika karne hizo Kihispania kilichota maneno mengi ya Kiarabu, na mara nyingi kiliyachukua pamoja na al yake, ile inayotangulia nomino kama "the" ya Kiingereza. Sisi tuliyachukua bila al. Kwa hiyo ng'oa mwanzo wa neno, uone kilichobaki:

azúcar – sukari
azafrán – zafarani
aceituna – zeituni (tunda; mafuta ni aceite, mti ni olivo)
alcanfor – kafuri
alcázar – kasri
ajedrez – sataranji
arroba – robo
alberca – birika, lile la kuhifadhi maji, si la chai

Mliopita madrasa mnajua kwa nini azúcar haina l. Lam (l ya Kiarabu) humezwa na herufi zinazoitwa za shamsi: as-sukkar, az-zayt, ar-ruzz. Ndiyo azúcar, aceite na arroz. Ni ukoo uleule wa algodón (pamba), ambako lam imebaki kwa sababu qaf ni ya qamari, kundi lisilomeza lam.

Arroba ilikuwa kipimo cha uzito, robo ya quintal (kipimo kikubwa zaidi), karibu kilo 11.5 kule Castilla. Leo utakutana nayo kila ukimtajia mtu barua pepe yako, maana ndilo jina la @.

Bi_Sarufi
Orodha ya Mwana_wa_Pwani ni nzuri kwa kukumbuka umbo la neno. Kwa maana, tembea nayo kwa tahadhari. Alcalde ana asili moja na kadhi wetu, ila ni meya. Alguacil anatokana na waziri, lakini leo ni mtumishi mdogo wa kutekeleza amri za mahakama. Alhaja ni kito cha thamani, si haja. Albóndiga ina undugu na bunduki, nawe ukiiagiza utaletewa kababu za duara kwenye mchuzi. Na si kila "al-" ni Kiarabu: alma, alto, alumno na almuerzo ni Kilatini.

Kinachowaangusha Waswahili zaidi ni mkazo. Sisi tunaukandamiza kwenye silabi ya pili toka mwisho bila kufikiri. Kihispania kinafanya hivyo neno likiishia irabu, n au s: al-CAL-de, a-DUA-na. Likiishia konsonanti nyingine, mkazo unakwenda mwisho: al-qui-LER, a-je-DREZ. Ukiona alama juu ya irabu, fuata hiyo: a-ZÚ-car, al-ma-CÉN, ÁR-bol. Kwa hiyo alama si pambo. Neno lililokosa alama yake andika kadi upya.

Matamshi: z yao si z yetu hata siku moja. Madrid ni th ya "thelathini", Amerika ya Kilatini ni s. C mbele ya e na i ni vivyo hivyo, kwa hiyo aceite ni "atheite" au "aseite". J ya ajedrez ni kh, kama wazee wa pwani wanavyotamka "kheri".

Mliosoma kwa Kiingereza mna mtego wenu: asistir ni kuhudhuria (kusaidia ni ayudar), na actualmente ni "kwa sasa".

Msomaji_Dodoma
Nimewapata, asanteni sana. Moja la mwisho: nimekuta "este agua" (maji haya) kwenye habari za Kihispania mtandaoni. Ni sahihi?

Kalamu_Nyeusi
Si sahihi. Wenyewe huteleza hapo kila siku kwa sababu el inawavuta kwenye kiume. Andika *esta agua, esa arma, aquella aula*. Kwa un hakuna shida: *un arma, un águila* ndiyo kawaida.

Bi_Sarufi
Na ukiwa kwenye simu, bonyeza n uishikilie mpaka ñ itokee. Año ni mwaka. Ano ni tundu la haja kubwa. Ukitaka kusema una miaka ishirini ukaandika "tengo veinte anos", watakuelewa, baada ya kumaliza kucheka.