Soketi za nyumba ya vyumba vitatu Isyesye: ringi au laini tofauti?

Mjenzi_Isyesye
Wakuu, habari za baridi. Nyumba iko Isyesye, Mbeya: vyumba vitatu, sebule na jiko, kama mita za mraba 95. Ukuta umeshatinduliwa, bomba za umeme hazijafukiwa. Soketi za mbilimbili ni 14: jikoni 4, sebuleni 4, kila chumba 2. Fundi wa kwanza anataka ringi moja ya waya wa 2.5 (milimita za mraba) na breka ya ampia 32 kwa nyumba nzima. Wa pili anasema ringi imepitwa na wakati, atavuta laini tatu, kila moja na breka yake. Vifaa: birika la wati 2200, jiko la sahani moja wati 1500, pasi, friza, na ikifika Juni hita za chumbani za wati 2000. Hita ya kuogea ina waya wake. Nimsikilize nani?

FundiWaya_Sae
Mkuu, zote mbili zinakubalika kitaalamu, ila kwa nyumba hiyo nenda na fundi wa pili.

Ringi inatoka kwenye breka, inapita soketi zote, halafu inarudi kwenye breka ileile. Moto unagawanyika pande mbili, ndiyo maana waya wa 2.5 unaruhusiwa kuwekewa breka ya 32. Waingereza waliipitisha miaka ya 1940 shaba ilipokuwa adimu, sambamba na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ndani. Hiyo fyuzi ni sehemu ya mpango wenyewe. Sasa angalia plagi za kwetu: pini mbili zimesukumwa kwenye adapta ya bei rahisi, fyuzi hakuna.

Kibaya zaidi, ringi ikikatika sehemu moja hujui. Soketi zote zinaendelea kuwaka kama kawaida. Waya wa 2.5 ndani ya bomba ukutani unabeba ampia 24, na sasa unalindwa na breka ya 32. Ukivuta 30 jioni nzima breka inakaa kimya, ganda la waya ndilo linaloiva.

Laini ya kwenda tu, waya wa 2.5 na breka ya 20, haina huo mtego. Ikikatika, soketi za mbele zinazima na unaona. Mimi ningegawa hivi:

- Jiko: waya wa 4, breka ya 32, peke yake kwenye bomba
- Sebule: 2.5, breka ya 20
- Chumba kikubwa: 2.5, breka ya 20
- Vyumba viwili vilivyobaki: 2.5, breka ya 20
- Friza: 2.5, breka ya 16, soketi yake

Usiweke vyumba vyote vitatu kwenye breka moja. Hita ya wati 2000 inavuta karibu ampia 9. Hita tatu ni 26, na breka ya 20 itakuangusha usiku wa Julai.

Nyutro_Iringa
Nakubaliana na mgawanyo, lakini ringi isitukanwe bure. Ikipimwa vizuri ni salama, na mwisho wake voltage haishuki sana. Shida ni kwamba haipimwi. Kabla ya kuwasha, fundi afungue ncha zote mbili pale DB (boksi la breka), apime laivu (waya wa moto) kutoka ncha hadi ncha. Ringi ya mita 60 ya waya halisi wa 2.5 inasoma kama ohm 0.44. Nyutro (waya wa kurudi) isome hivyohivyo, na ethi (waya wa ardhini) pia kama ni ya unene uleule. Halafu aunge laivu ya ncha moja na nyutro ya ncha nyingine, na kinyume chake, apite kila soketi akipima kati ya laivu na nyutro. Zote zisome karibu 0.22. Moja ikisoma juu sana, ama ni tawi lililotolewa nje ya ringi, ama skrubu imelegea. Kipimo hicho kinataka mita ya ohm ndogo, multimita ya sokoni inabahatisha. Muulize fundi wa kwanza kama anayo. Kama hana, ringi yake ni imani tu.

Na wala hutaokoa waya. Ringi inalipia safari ya kurudi.

Mjenzi_Isyesye
Ndaga sana. Ila bomba la sebule na la chumba kikubwa limeshaunganishwa, linaingia DB likiwa moja. Nitindue tena?

FundiWaya_Sae
Laini mbili ndani ya bomba moja zinapashana joto, uwezo unashuka hadi asilimia 80. 24 inakuwa 19.2, chini ya breka ya 20. Ama uweke breka za 16 kwenye hizo mbili, ama utindue bomba la pili. Kwa kuwa plasta bado, tindua. Hata ya jikoni usiichanganye: waya wa 4 ukiwa peke yake unabeba 32 kamili, ukiwa na mwenzake unabaki na 25 na kitu.

Angalia na urefu. Kwa waya wa 2.5 na ampia 20 zikivutwa zote mwishoni, ukipita mita 32 hivi umeshapoteza zaidi ya asilimia 5 ya voltage.

Dukani usiamini maandishi ya kwenye ganda. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78, pima kwa kalipa. Kwangua ncha: ndani pakiwa peupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha roli. Nyingine ni fupi kuliko lebo.

Ethi_Makambako
Hakuna aliyegusa ethi. Udongo wa juu huku ukikauka kuanzia Julai hadi mvua za Novemba, rodi (chuma cha ethi kilichopigwa ardhini) iliyosoma ohm 30 masika inaweza kuruka mbali. Chukua ohm 60: laivu ikigusa bodi ya friza, zinapita ampia kama 4 tu. Breka ya 20 haitajua chochote, na bodi ina moto. Kwa hiyo RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 ni lazima, uchague ringi au laini. Rodi isizidi ohm 200 hata kiangazi. Ikizidi, piga ya pili, umbali kati yake usipungue urefu wa rodi yenyewe.

Friza usiiweke nyuma ya RCCB moja na nyumba nzima. Pasi mbovu ikiiangusha ukiwa safarini, nyama inaoza. Ipe RCBO (breka na RCCB ndani ya kifaa kimoja) yake ya 16 yenye miliampia 30. Na nyutro ya kila laini irudi kwenye baa ya nyutro ya RCCB au RCBO yake. Ikichanganywa, RCCB itaanguka kila ukiwasha kitu na utaambiwa ni mbovu.

Nyutro_Iringa
Nyongeza ndogo: waya wa 4 ukiwa miwili kwenye tundu moja la soketi ni mgumu kukunja. Jikoni nunua boksi za kina cha milimita 47, za 35 zinabana waya na skrubu inalegea baadaye. Na fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), fomu ya kuombea umeme TANESCO inataka mtu mwenye leseni.